Hita ya maji haizimi? Usikimbilie kununua mpya

Kama taa nyekundu ya hita yako inawaka mchana na usiku na yuniti za LUKU zinayeyuka tu, kabla ya kitu chochote nenda kwenye mein swichi ushushe breka yake. Hata kama ulitaka kuoga we shusha tu, maji yaliyomo ndani yanakaa na moto masaa kibao.

Yetu huku Sakina, Arusha, ni ile ya silinda, lita 50, tulihamia tukaikuta na mwenye nyumba mwenyewe hakumbuki iliwekwa lini. Baridi ya Juni ilivyoingia ikaanza vituko, unafungua bomba la moto linakohoa kwanza, linatema mvuke, halafu yanatoka maji ya kunyonyolea kuku. Shemeji akasema elementi imekufa. Sasa elementi iliyokufa itachemsha maji hivyo kweli? Elementi kazi yake kuchemsha tu, anayeamua iwake au izime ni thamostati, kale kafimbo kanakoingia ndani ya silinda pembeni ya elementi, na zikizeeka zile kontakti zake (vibati vinavyogusana kupitisha umeme) zinaungua mpaka zinagandana, basi umeme unapita muda wote.

Na ule mvuke usiuchukulie poa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, sio 100, ila ndani ya silinda yana presha kwahiyo yanaweza kupita hapo bila kuchemka, ukifungua bomba presha inashuka ghafla ndo yanalipuka kuwa mvuke. Ukifika hapo maana yake hata kile kizimio cha dharura ambacho kingekata umeme maji yakizidi moto nacho hakijafanya kazi. Usilale nayo ikiwaka, jamani.

Jinsi ya kujua tatizo liko wapi, zima vitu vyote ndani ya nyumba ubakize hita peke yake, mtu yeyote asifungue maji ya moto, af uangalie ile taa ndogo ya kwenye mita inavyopepesa. Hita ya lita 50 yenye elementi ya kilowati 2 inatoa maji ya baridi ya huku mpaka nyuzi 60 kwa kama saa moja na robo, inakula yuniti 2 na nusu hivi, baada ya hapo inatakiwa ijizime iwe inawaka kidogo kidogo tu. Kama masaa mawili yamepita na mita bado inapepesa mbio mbio, gusa maji, kwa tahadhari lakini. Yakiwa yanaunguza, ni thamostati. (Isiyozima kabisa ni yuniti 48 kwa siku, piga hesabu mwenyewe.)

Yakiwa ya uvuguvugu tu na haizimi, hiyo ni kesi nyingine, thamostati haina kosa, maji hayajafika pale inapotakiwa kukata. Mara nyingi kuna bomba la moto linavuja mahali na maji ya baridi yanaingia muda wote, au elementi imevaa ukoko, au umeme wenu mdogo. Hili la umeme mdogo watu hawalijui: ukishuka toka volti 230 mpaka 180, elementi ya kilowati 2 inabaki na kama 1.2 tu. Ukoko nao sio floraidi kama watu wa hapa wanavyopenda kusema, floraidi inaharibu meno, ukoko ni chokaa.

Kuna nyingine mbaya zaidi, umezima swichi ya bafuni kabisa lakini tesa, ile bisibisi ya kupimia umeme, bado inawaka kwenye hita. Hapo aliyefunga alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme), hita ina umeme hata ikiwa imezimwa. Hiyo sio ya kugusa mwenyewe, ita fundi umeme wa kweli, sio kishoka.

Thamostati bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hita mpya. Mwambie fundi aifungue umeme ukiwa umekatwa kwenye breka, nenda na ile ya zamani dukani mfananishe urefu wa fimbo na ampia, maana ukipewa fupi haitasoma joto sawasawa na utarudi kule kule.

Wakati yupo aangalie na sefti valvu, ile inayotoa maji presha ikizidi. Kudondosha matone hita ikichemsha ni kawaida, lita 50 zikipata moto zinaongezeka karibu robo tatu ya lita na lazima zitokee mahali. Kule Moshi mjini nimeona nyumba fundi kaziba hiyo valvu na plagi ya chuma eti inachafua ukuta!! Hiyo ni bomu, aitoe siku hiyo hiyo. Ila kama maji ya kutu yanatoka kwenye silinda lenyewe na sio kwenye maungio, hapo silinda limetoboka, usiweke hela yako humo.

Yetu sasa hivi imewekwa nyuzi 60, na gharama mwenye nyumba amekubali tukate kwenye kodi baada ya kuonyeshwa zile kontakti zilivyoungua.