Mwanangu, yule ndama hakuwa na deni

Mwanangu, huku salama, mama yako mzima, goti lake ndio lile lile. Meseji yako niliiona tangu juzi ila vidole vyangu na herufi za simu haviivi, ndio maana nimekaa kwenye kompyuta ya kaka yako. Umesema bwana mdogo ameona klipu ya fisi wanamla nyumbu na nyumbu mwenyewe bado anainua kichwa, akasusa chakula, akakuuliza Mungu alikuwa wapi, na wewe unataka kujua umwambie ni dhambi ya Adamu kama mlivyofundishwa Sandei skuli au umwambie tu dunia ndivyo ilivyo.

Sasa mimi sianzi na Adamu. Naanza na ile kauli yangu ambayo kaka yako alikuwa ananiigiza mpaka na sauti, kwamba mnyama hadaiwi. Nimekuwa bwana mifugo mpaka nimestaafu, nimechoma sindano ng'ombe wa Wamasai na mbuzi wa mapadri, nimekesha na yule ng'ombe wa bibi yako aliyeugua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, na sijakuta hata mmoja mwenye deni na mtu wala na Mungu. Akiumwa anaumwa, basi. Kwa hiyo maelezo ya dini yakishaanza kumtafutia mnyama deni, mimi masikio yanaziba.

Wewe ulikuwa bodingi mwaka ule tulipompeleka mbugani Ndutu yule mwinjilisti mgeni wa usharika. Ilikuwa Februari, nyumbu wanazaa. Unajua wanavyozaa wale, laki kadhaa za ndama ndani ya wiki kama tatu hivi, ndama anasimama baada ya dakika chache na anaanza kukimbia, maana asipokimbia ameisha. Sasa akipotezana na mama yake mapema hajui bado mama ni nani, anafuata chochote kinachotembea. Akaja mmoja kwenye gari letu. Kitovu bado kibichi kinaning'inia, miguu imemzidi urefu, akawa ananusa tairi la mbele kama anatafuta chuchu. Dereva akasogeza gari polepole, na yeye akakimbia ubavuni analia ile sauti yao ya puani. Kaka yako akataka tumpakie, dereva akakataa, sheria ya hifadhi hairuhusu kugusa, na hakusema uongo.

Halafu akatokea fisi, mmoja tu, anajikokota zake. Na yule ndama akatuacha akamfuata fisi. Yaani alimkimbilia mwanangu, mbio kabisa, kwa sababu sisi tulikuwa tumesimama na fisi ndio anatembea. Fisi mwenyewe alisita kidogo kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hajaagiza. Yaliyofuata bwana mdogo ameshayaona kwenye simu.

Mwinjilisti nyuma kule akashusha pumzi akasema, ndio mshahara wa dhambi huo. Mama yako akageuka, unamjua akigeuka, akamuuliza dhambi ya nani? Huyu ana nusu saa duniani, hata kunyonya hajanyonya! Gari kimya mpaka geti la Lodoare. Tulipofika Karatu mtumishi akaagiza nyama choma na ndizi akala kwa amani kabisa, akatuombea. Miaka yote hii imepita na mimi lile neno mshahara bado linanikereketa, maana mshahara analipwa aliyefanya kazi.

Haya, Adamu. Wanaosema ni Adamu hawajatunga tu, Mwanzo 1:30 inasema kila mnyama alipewa majani kuwa chakula, na ukisoma hivyo moja kwa moja basi kabla ya dhambi fisi alikuwa anakula majani. Ila sisi tunakaa jirani na Oldupai. Pale mtafiti Mama Mary Leakey alipookota lile fuvu la zamadamu mwaka 1959 kuna mifupa ya wanyama yenye alama za meno ya wala nyama, ina karibu miaka milioni 2. Hao walitafunwa kwa dhambi ya nani? Na usidhani ni wasomi wa leo tu wenye shida hiyo, yule padri wangu wa mbuzi alinionyesha Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anasema asili ya wanyama haikubadilika kwa sababu ya dhambi ya mtu, yaani simba alikuwa simba tangu mwanzo. Isaya naye anasema simba atakula majani kama ng'ombe, naupenda sana mstari huo, lakini ile kazi yangu haiachi kuniuliza hayo majani atayafanyia nini, ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na anacheua, simba hana hata kimoja cha kucheulia. Ukimgeuza ndani umepata ng'ombe mwenye manyoya shingoni. Labda Mungu anaweza. Sijasema hawezi.

Kuna wanaosema mnyama hasikii sana maumivu. Livingstone, huyu huyu wa Ujiji, mwaka 1844 simba alimkamata begani kule Mabotsa Afrika Kusini akamtikisa, na baadaye akaandika kwamba aliingiwa na kama usingizi, hakusikia maumivu wala hofu, akaona hiyo ni huruma ya Muumba kwa wanyama wote wanaouawa na wala nyama. Namheshimu, ni mtu ameng'atwa kweli, sio mtu wa kusimuliwa tu. Ila yeye aliokolewa, na alikamatwa na simba, simba akishaangusha hushika koo, fisi anaanzia tumboni. Na ng'ombe kunyamaza sio kwamba hasikii, nimeshaona dume limevunjika mguu limesimama kimya linacheua, ukimgusa tu ndio unajua alikuwa anaficha.

Nyingine ambayo mimi mwenyewe ilinikaa muda mrefu ni ya mizania, kwamba ndama mmoja anakufa kundi linapona. Na ni kweli kabisa, wanazaa kwa pamoja hivyo ili fisi washibe wabakize. Hata mtoni Mara, watafiti wamekadiria nyumbu kama 6,250 wanazama kila mwaka, wanalisha samaki, mamba, tumbusi, na mifupa yao inaendelea kurutubisha maji miaka 7. Mungu ni fundi, nani atabisha. Lakini angalia hapo ulipofika, yule ndama sasa halipi deni la Adamu, analipa deni la kundi. Umembadilishia mdai tu! Mnyama hadaiwi.

Mzee wa duka la spea, yule Mtanga, ndiye aliyenipa kitu cha kufikiria. Aliniambia Mtume amesema siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe mpaka mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa mbuzi mwenye pembe. Nikamwambia rudia. Maana hapo mnyama hadaiwi tu, anadai! Ana kesi na itasikilizwa. Akaniambia hata wanazuoni wao wa zamani waligombana, kundi la Muutazila wanasema Mungu hana budi kuwafidia wanyama, kundi la Maashari wanasema Mungu halazimiki na mtu. Na kwetu Wakristo John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, alihubiri mwaka 1781 kwamba wanyama nao watarudishiwa, tena zaidi ya walichopoteza. Sijawahi kusikia mahubiri hayo kanisani kwetu, harambee tu.

Lakini nikilala najibishana tena. Fisi je, naye ashitakiwe? Ana watoto shimoni, hakujiumba na yale meno. Na fidia ni nzuri, ila ukimvunja mtu mguu ukamlipa, bado hujasema kwa nini ulimvunja. Ayubu aliuliza akajibiwa na nini? Mungu anamtajia simba, kunguru, tai ambaye makinda yake yanafyonza damu, kama anajisifia! Zamani ilikuwa inaniudhi ile sura. Siku hizi naona angalau hakusema ni mshahara.

Wewe ulitaka ndio au hapana ya Adamu, najua, na ukinibana kweli nitakwambia naegemea kwa Mzee wa spea, ila usiniweke kwenye kikao cha wazee wa usharika kwa hilo. Bwana mdogo usimwambie nyumbu hakusikia maumivu, ameona kwa macho yake, atakuona muongo na akianzia hapo ataendelea na mengine. Akitaka kumkasirikia fisi mwache kidogo. Akitaka kumkasirikia Mungu mpigie mama yako, ana uzoefu.

Mwenyewe anasoma hapa begani kwangu, anasema nimeruka Warumi 8, viumbe vyote vinaugua pamoja na vina utungu pamoja hata sasa. Nimemwambia kuugua nakubali, mstari wa juu kidogo ndio unaonisumbua, kwamba vilitiishwa chini ya ubatili si kwa hiari yao. Anasema hapo hapo ndipo penye jibu na nimesoma vibaya. Anataka kiti akuandikie mwenyewe, kwa hiyo nampisha.