Enda Kenny na kiti cha baba yake
Ndugu, umeuliza kama Enda Kenny, waziri mkuu wa zamani wa Ireland, alirithishwa tu ubunge. Kura alipigiwa, ila jina lilimbeba sana. Baba yake, Henry, alikuwa mbunge wa Mayo na zamani nyota wa kandanda ya Kigaeli, mchezo wa asili wa Ireland. Mzee alipofariki 1975, Enda, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 24, akashinda uchaguzi mdogo. Akakaa bungeni hadi 2020, lakini uwaziri mkuu kaupata 2011, akauachia 2017. Kali zaidi ni ndoa: mkewe, Fionnuala O'Kelly, aliwahi kuwa ofisa habari wa Fianna Fáil, chama kilichokuwa hasimu wa chama cha mumewe, Fine Gael! Walioana 1992, wana watoto watatu. Na Kilimanjaro ameupanda, kweli.