Hii betri ya nyuma ndo iliyonitia hasara

Juzi nimevusha betri nne mpya kutoka Mokowe kule bara, boti mpaka gatini halafu punda mpaka dukani, na mwenye punda akaniuliza tu "Tena?" Likaniingia hilo neno, manake kweli, tena.

Mie nauza soda baridi na barafu hapa Lamu, friza ni ya sola. Betri za maji, volti 12 kila moja, zimefungwa mbili mbili kupata 24. Tatu nilizitunza kama mayai. Ya nne ilikuwa imejibana ukutani, kuifikia mpaka uzisogeze zote, basi nikawa nairuka. Friza ilipoanza kuzima usiku ndo nikafungua vifuniko, seli mbili, yaani vile vyumba vya ndani vya betri, sahani zake za risasi ziko nje ya maji, kavu! Nikakimbilia maji ya kisima, kosa la pili hilo, maji yenyewe chumvi mpaka kwenye chai unaisikia.

Haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi kinachoonyesha chaji, ikasoma seli nyingine 1250, zile mbili 1150, chaji uchajivyo hazipandi. Fundi akasema zimekaa pamoja miaka minne, badilisha zote. Nikajua huyu anatafuta hela ya Idi. Nikanunua moja nikaifunga na zile kuukuu tatu, mwaka haukuisha nayo hoi, wenzake wameivuta.

Sasa nyie mnaoniandikia "betri yangu haikai na chaji" sikilizeni. Ukipima jua linawaka mita inakudanganya, zima kila kitu iache masaa kadhaa ipumzike, alfajiri ndo upime. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, usiishushe chini ya hapo kila siku ukategemea dua. Na pima betri moja moja, seli moja moja, ukipima zote kwa pamoja mgonjwa anajificha. Maji ya betri ya kununua tu, na uongeze baada ya kuchaji, ukijaza kabla asidi inafurika, ila sahani zikiwa wazi zifunike kidogo kwanza. Vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, vikiota unga, na kwa hewa hii ya bahari vitaota, osha kwa maji ya magadi vifuniko vikiwa vimefungwa, kausha, paka vaselini. Simu mnaipangusa kutwa, betri inayowalisha hamuifungui mwezi mzima! Anzeni na ya nyuma.

Fundi bado hajui kama nimenunua zote nne. Tukikutana gatini mie hujifanya naangalia simu.