Kabla hujafungua sindano, jua itatua wapi

Nilijichoma saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku ikielekea ukingoni. Damu nilikuwa nimeshaitoa, mgonjwa ameshabana pamba mkononi mwake, kazi imeisha. Kisanduku cha kutupia sindano kilikuwa kule mwisho wa wodi, juu ya meza ya dawa. Niliogopa kupita katikati ya vitanda na sindano wazi, nikachukua kifuniko ili niirudishie. Ncha ikakipita kifuniko, ikatoboa glavu, ikaingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Kila ninayemsimulia husema kosa langu ni kurudishia kifuniko. Ni kweli, lakini kosa la kwanza nilikuwa nimeshalifanya dakika kadhaa kabla, nilipomwendea mgonjwa bila kisanduku. Sindano ikishatoka mwilini mwa mtu haina tena kazi, ila hatari yake ndiyo kwanza imeanza. Kama hukupanga itatua wapi, utaanza kutafuta pa kuiweka huku umeishika, umechoka, na mtu anakuita kitanda cha tatu.

Kwa hiyo ninachomwambia kila muuguzi mgeni ni hiki: kisanduku kiende nawe mpaka kitandani. Kiweke upande wa mkono unaochomea, mahali unapofika bila kugeuka. Sindano itoke kwa mgonjwa iingie humo moja kwa moja, pamoja na bomba lake, bila kuitenganisha, kuipinda wala kuifunika. Kisanduku kikijaa robo tatu, kifunge ulete kingine. Nimeona watu wakisukuma kwa kiganja ili pawe na nafasi. Usifanye hivyo hata mara moja. Na ikitokea huna budi kufunika, laza kifuniko mezani, kichote kwa sindano ukitumia mkono mmoja tu, mkono wa pili ukae mbali kabisa.

Mgonjwa anayetapatapa, au mtoto anayelia, usimkabili peke yako. Tafuta wa kukusaidia kabla hujafungua sindano. Wenzetu wa chumba cha upasuaji nao wana utaratibu ninaoupenda: kisu na sindano ya kushonea havipitishwi mkono kwa mkono, vinawekwa kwenye trei iliyo kati yao, na anayeweka anasema kwa sauti.

Sasa nirudi kwenye kidole changu, maana hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Nilinyamaza kwa muda wa karibu saa nne. Niliona aibu, nikahofia kuambiwa sikuwa makini. Nilikikamua kidole, nikakimwagia spiriti. Yote mawili hayafai. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usitie spiriti wala klorini, kisha toa taarifa papo hapo, ili mgonjwa aombwe ridhaa ya kupimwa nawe upimwe.

Haraka hiyo ina sababu. Kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, wanaoambukizwa ni wastani wa watu 3 katika kila 1,000 waliochomwa. Ni wachache, lakini dawa za kinga, PEP, zinapunguza hata hao, mradi uzianze ndani ya saa 72, na kila saa unayoipoteza inakula nguvu zake. Zinamezwa siku 28. Homa ya ini B ndiyo inayonitisha zaidi: asiye na kinga anaweza kuambukizwa kwa kiwango cha kati ya 6 na 30 katika kila 100. Chanjo yake ipo, kwa kawaida dozi tatu. Kama hujaimaliza, imalize, kisha upime kinga mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho. Homa ya ini C haina chanjo, ila ikigunduliwa inatibika.

Mimi niliokolewa na dada kiongozi wa zamu. Aliona nimekishika kidole, akauliza mara moja tu, nami nikalia. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kuanza dawa. Ukiwa kiongozi, naomba uwe hivyo. Mtu akigombezwa leo, wengine watatu kesho watajificha.

Kuna mtu mmoja tunamsahau sana, naye ni mfanyakazi wa usafi. Sindano uliyoiacha kwenye shuka au uliyoitupa kwenye mfuko wa taka itamchoma yeye, na hakuna atakayejua ilitoka kwa mgonjwa gani ili apimwe. Siku hizi kabla sijaondoka kitandani nahesabu: nimekuja na sindano ngapi, ngapi zimeingia kwenye kisanduku. Ikikosekana moja, shuka naikunjua mwenyewe, taratibu, pindo kwa pindo, mpaka niione.