Unga mweupe kwenye bwawa jipya

Mkuu uliyeuliza kuhusu unga mweupe kwenye bwawa lako jipya la kuogelea, huo haumaanishi fundi kakupiga. Ni chokaa inayotoka kwenye saruji ya plasta ikiwa bado inakomaa, na ndiyo inayopandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) kila ukipima. Nahudumia mabwawa ya hoteli huku Njiro, Arusha, wote wanapitia hapo. Piga brashi ya nailoni (ya waya hapana!) bwawa zima hadi kwenye ngazi, asubuhi na jioni, wiki 2 hivi. Pampu izunguke saa 24 kwa siku 3 za mwanzo, pH ishushe kwa asidi kidogo kidogo hadi 7.2–7.6. Klorini subiri saa 48 tangu bwawa lijae, na usiimwage kavu, itaacha madoa. Chumvi (kama bwawa lako ni la mfumo wa chumvi) na roboti ya magurudumu ya kusafishia, subiri siku 28.

Ila pima pia kalsiamu ya maji. Visima vingi vya miteremko ya Mlima Meru vina magadi mengi na kalsiamu kidogo, na maji ya hivyo huila plasta taratibu.

Kwa ambaye hajajaza na anategemea maboza: yapange yafuatane, maji yakisimama katikati mstari unabaki ukutani.