Ukizaliwa Mei na unaishi Ufaransa, tazama kalenda kabla ya kualika

Mwaka 2024 nilipika pilau ya watu kumi na wawili, wakaja wawili.

Nilizaliwa tarehe 10 Mei. Kwetu Tanga tarehe hiyo haikuwahi kunisumbua. Asubuhi unamwagiwa ndoo ya maji hujajiandaa, jioni keki inakatwa, unamlisha mama kwanza, kisha wengine mmoja mmoja. Mialiko hakuna, watu wanasikia tu na kuja. Nilihamia Lyon nikiamini mambo yatakuwa hivyo hivyo, na imenichukua miaka miwili kujifunza ninayokuandikia hapa.

Nianze na kazini. Mwaka 2023 siku yangu iliangukia Jumatano. Nilivaa gauni jipya nikakaa ofisini hadi saa kumi na moja jioni, na hakuna aliyetaja lolote. Nililia kwenye tramu. Wiki mbili baadaye mwenzetu mmoja aliingia asubuhi na boksi la croissant, akaliweka karibu na mashine ya kahawa, na watu wakamzunguka wakamwimbia. Ndipo nikaelewa kwamba mwenye siku ndiye anayeleta. Ukileta keki utasherehekewa kwa furaha ya kweli. Usipoleta, wenzako watadhani hutaki siku yako itajwe, na watanyamaza kwa heshima. Kwa hiyo usisubiri kufanyiwa. Leta, hata kama ni vitumbua ulivyopika usiku. Vyangu viliisha kabla kahawa haijapoa.

Sasa kalenda, maana hapo ndipo pilau langu lilipoharibikiwa. Mei ya Ufaransa imejaa sikukuu: tarehe 1 ni siku ya wafanyakazi, tarehe 8 ni kumbukumbu ya kumalizika kwa vita Ulaya mwaka 1945, kisha kuna Kupaa kwa Bwana, ambayo siku zote ni Alhamisi, na Jumatatu ya Pentekoste. Hizi mbili za mwisho huhama kila mwaka kwa kuifuata Pasaka. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, watu wengi huomba ruhusa Ijumaa ili waunganishe na mwisho wa wiki. Hiyo wanaiita "faire le pont", kujenga daraja. Mwaka 2024 tarehe 8 ilikuwa Jumatano, Kupaa ikawa Alhamisi tarehe 9, na Ijumaa ya daraja ikawa ndiyo bethdei yangu. Siku tano mfululizo! Mimi nikachagua Jumamosi tarehe 11, nikatuma ujumbe Jumatatu ya wiki hiyo hiyo.

Majibu yalikuja kwa upole mkubwa. Mmoja yuko Bretagne kwa wazazi, mwingine yuko Ardèche, wa tatu alikata tiketi ya treni tangu Februari. Waliokuja ni dada mmoja mwenyeji wa Bukavu, ambaye tunaongea Kiswahili tukikutana sokoni, na bibi jirani wa ghorofa ya chini ambaye hasafiri tena. Usiku mama alipiga simu: "Mwanangu, keki amekulisha nani?" Nikamwambia ni dada wa Kongo. Akashukuru, akataka azungumze naye.

Mwaka 2025 tarehe 8 ikawa Alhamisi, na siku yangu ikawa Jumamosi, katikati ya daraja tena. Safari hii nilikuwa nimeshatazama kalenda tangu Machi. Kupaa ilikuwa tarehe 29, basi nikachagua Jumamosi tarehe 17, nikaalika katikati ya Aprili. Mwezi mzima kabla! Kwetu ungeonekana una makuu, lakini hapa ni kumrahisishia mgeni. Niliandika pia saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kwamba kwangu hatunywi pombe, ili mtu asihangaike kununua chupa ya mvinyo. Kama tarehe yako iko Aprili, waulize wenye watoto wa shule kwanza. Likizo ya masika ni wiki mbili na hupishana kwa kanda: Lyon ni kanda A, Marseille B, Paris C.

Jumatatu ya Pentekoste uliza kazini mapema. Baada ya joto kali la mwaka 2003 lililoua watu karibu 15,000, wengi wao wazee, sheria ya mwaka 2004 iliweka siku ya mshikamano, ambayo mtu hufanya kazi bila nyongeza ya malipo ili kuwachangia wazee na walemavu. Sehemu nyingi wameiweka Jumatatu hiyo.

Mahitaji ya Mei Mosi yanunue tarehe 30 Aprili, kwa sababu maduka mengi hufungwa na katika miji kadhaa hata mabasi husimama. Mimi hufuata ndizi za kupika na tui la kopo mtaa wa Guillotière. Siku hiyo utaona vishada vya "muguet", maua madogo meupe kama kengele, vikiuzwa kila kona, na watu wakipeana kwa kutakiana heri. Mpe jirani yako kimoja, atafurahi sana. Ila uwe mwangalifu ukiwa na mtoto mdogo: mmea wote una sumu, hata maji ya chombo ulimowekwa.

Nyumba ikiwa ndogo, nenda bustanini. Hapa Lyon bustani ya Tête d'Or ina hekta 117, ziwa, na twiga wa kuangalia bure. Ukibaki nyumbani, bandika karatasi kwenye lifti siku chache kabla, uombe radhi kwa kelele na uwakaribishe majirani. Saa nne usiku punguza muziki.

Tarehe 17 walikuja tisa. Zawadi nilizifungua mbele yao, maana mleta zawadi hapa anataka kuuona uso wako. Kisha nikachukua uma nianze kuwalisha keki. Wenzangu wa kazini walitazamana, hawakujua wafanye nini. Bibi wa ghorofa ya chini akasogea mbele na kufungua mdomo.