Bushi ya shafti ikigoma kutoka, weka nyundo chini

Boti yangu ya matanga ilikuwa inatetemeka kila nikiwasha injini, nami msimu mzima nikajidanganya kwamba propela imechafuka tu. Siku ilipopandishwa nchi kavu nikaishika shafti (chuma kirefu kinachotoka kwenye injini na kuizungusha propela) karibu na propela, nikaitikisa juu na chini. Ikacheza kama jino bovu. Shafti ya milimita 25 ikicheza kiasi cha milimita moja na nusu, bushi yake imekwisha, hakuna cha kujadili.

Bushi hii ni bomba fupi la brasi lililotandikwa mpira wenye mifereji kwa ndani. Haitiwi grisi, maji yanayopita kwenye mifereji ndiyo yanayoilainisha. Inakaa kwa kubanwa ndani ya mkono wa bronzi ulioshuka chini ya boti, au ndani ya bomba linalopitisha shafti tezini. Ikikaa humo miaka kadhaa na chumvi yake, utadhani imechomelewa.

Nilifungua kaplingi (kiungo cha vipande viwili kati ya shafti na injini), nikatoa propela, nikachomoa shafti (kwangu usukani ulikuwa umeziba njia, ikabidi nao utoke). Kisha nikachukua kipande cha bomba na nyundo nzito, nikaanza kugonga. Bushi haikusogea hata unywele. Kilichosogea ni kingine: ufa mwembamba ulijitokeza kwenye faiba, pale mkono unapoingia kwenye boti. Ndipo nikaacha, nikakwangua rangi. Kumbe chini ya rangi kulikuwa na skrubu mbili zisizo na kichwa zinazoizuia bushi! Asubuhi nzima nimegonga kitu kilichofungwa.

Kwa hiyo kwangua kwanza, pande zote za mkono. Bushi ni ya kutupa, mkono si wa kutupa. Ukipinda kidogo tu, shafti haikai tena kwenye mstari wake. Moto wa gesi nao sikuutia, kwa sababu joto hulegeza faiba na gundi inayoushika mkono.

Skrubu zilipotoka nilijaribu kuivuta. Unapitisha nondo yenye hesi katikati ya bushi. Upande mmoja unaweka washa nene inayoikalia bushi bila kugusa mkono, upande wa pili kipande cha bomba kipana ambacho bushi itaingia ndani yake, kisha unakaza nati taratibu. Wengi huishia hapo wakiwa na furaha. Yangu ilianza kuipinda nondo, nikaona nisishindane nayo.

Kilichonitoa ni msumeno wa chuma. Fungua wembe wake kwenye fremu, upitishe ndani ya bushi, ufunge tena, halafu kata kwa urefu. Mpira unakatika upesi na kutoa unga mweusi, kisha unga unageuka wa njano: umefika kwenye brasi. Hapo punguza mwendo. Ganda la yangu lilikuwa na unene wa milimita tatu hivi, na msumeno una tabia ya kuzama zaidi upande ulio karibu nawe huku wa mbali ukibaki juu. Kila baada ya dakika chache nilichungulia kwa tochi na kuupima mfereji wa msumeno huku na huku. Mkwaruzo mdogo kwenye bronzi hauna neno. Mfereji una neno. Ni afadhali uache brasi nyembamba kama karatasi kuliko kuula mkono.

Nilikata mistari miwili iliyoachana kwa upana wa kidole. Nikaweka tindo ndogo ukingoni, nikagonga kwa upole kuelekea ndani. Ukanda ule ukajikunja, ganda zima likalegea, nikalitoa kwa koleo. Kazi ya msumeno ilinichukua karibu saa tatu, na mikono iliniuma kesho yake.

Usinunue bushi mpya kwa kukisia. Pima shafti, tundu la mkono na urefu kwa kalipa, na ujue kama vipimo ni vya inchi au vya milimita: shafti ya inchi moja ni milimita 25.4, haitaingia kwenye bushi ya 25. Mpya niliilaza kwenye friza usiku kucha, nikaipaka maji ya sabuni, nikaivuta ndani kwa nondo kama ile ile (nyingine, iliyonyooka). Skrubu zikazwe kiasi cha kuizuia tu, zikizidi zinaliminya ganda na shafti inabana.

Bushi ya zamani usiitupe kabla hujaikagua. Mpira wa yangu ulilika upande mmoja tu, yaani injini na shafti havikuwa kwenye mstari. Boti ilipokaa majini siku mbili, maana umbo lake hubadilika kidogo ikiwa juu ya magogo, nilipima mwanya wa kaplingi kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa kaplingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1 kati ya upande na upande. Yangu ilizidi mara nne: mguu mmoja wa mpira wa injini ulikuwa umebonyea.